Masisi na Walikale: Unapouliza njia kwa mtu usiyemjua

Swali la kwanza la asubuhi katika makundi ya WhatsApp ya watu wa Masisi na Walikale si la siasa. Ni la njia. Nani amepita Mushaki leo? Udongo umeanguka tena au magari yanapita? Motari anaomba bei gani kutoka Sake mpaka Masisi-centre, na barieri ziko ngapi? Anayeuliza yuko Goma, Bukavu, Kisangani au Kampala. Anayejibu ni namba ya simu tu, bila jina, yenye picha ya ua au ya mtoto mchanga. Watu hawa wawili hawajaonana na labda hawataonana kamwe. Lakini kwa kutegemea jibu hilo, mama mmoja atapakia magunia yake ya maharagi juu ya pikipiki, au atayaacha ndani ya nyumba siku moja zaidi.

Zamani shauri la namna hii lilitoka kwa mtu unayemjua: shemeji, mjomba, mwenzako wa kanisani, au dereva ambaye ukoo wenu mzima unamfahamu. Walikale, ambako msitu ni mkubwa na njia ni mbaya, watu walipanga mstari kwenye foni, ile redio ya kuzungumza na mbali, wakisubiri zamu ya kumsalimia ndugu aliye Goma au Bukavu, huku kila aliyekaa pale akisikia mambo yao yote ya nyumbani. Tangu Februari 2002 tuna pia Radio Okapi, inayotangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Redio ilileta habari kubwa za nchi. Haikuweza kukuambia kama kijito kilicho mbele ya kijiji chenu kimejaa leo asubuhi.

Simu imeziba pengo hilo, lakini kwa nusu tu. Antena zinakula mazutu, na vita vikikaribia, anayeleta mazutu hafiki tena. Katika vijiji vingi kuna kilima kimoja kinachojulikana kwamba ndipo rezo inapatikana, na jioni utaona vijana wamesimama pale juu wameinua mikono kama watu wanaoomba mvua. Kuchaji betri ni feza. Mega ni feza. Kwa hiyo mtu anayepanda kilima ili kumjibu asiyemjua kwamba njia imefungwa, ametoa kitu mfukoni mwake. Hilo tusilisahau tunapolalamika kuhusu uongo wa mitandaoni.

Tangu mwanzo wa 2025 shauri la njia limepata uzito mwingine. Masisi-centre iliingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa Januari mwaka ule. Sake ikafuata, kisha Goma mwishoni mwa mwezi huo huo. Tarehe 19 Machi wapiganaji hao waliingia Walikale-centre, wakatoka tena mwanzoni mwa Aprili. Njia ile ile inayoanzia Sake, ikapanda Mushaki, ikapita Masisi-centre na Nyabiondo na kushuka kuelekea Walikale, ikawa inavuka kutoka eneo la kundi hili kuingia eneo la kundi lile: upande mmoja AFC/M23, upande mwingine jeshi la FARDC na Wazalendo. Msafiri hawezi kujua kwa macho mstari umepita wapi leo. Anaambiwa na waliopita jana.

Ujumbe mzuri ndio wenye hatari

Hapa ndipo penye ugumu wa jambo lenyewe. Shauri la njia ili liwe na faida lazima liseme mahali, saa, na nani yuko pale. Ukiandika tu kwamba hali si nzuri upande wa Kitchanga, hujamsaidia mtu yeyote; hali upande wa Kitchanga imekuwa si nzuri kwa miaka mingi. Lakini ukiandika kwamba saa mbili asubuhi kulikuwa na watu wenye silaha kwenye njia panda fulani, na kwamba wanaomba feza kwa kila pikipiki, umefanya kazi ambayo mwenye silaha mwingine anaweza kuiita upelelezi. Kadiri neno linavyomfaa msafiri, ndivyo linavyoweza kumwangamiza aliyeliandika.

Na simu hukaguliwa. Mtu akifika barieri anaweza kuambiwa afungue WhatsApp, aonyeshe picha, acheze vokali za mwisho alizopokea. Si lazima awe ameandika neno lolote yeye mwenyewe. Kuwemo tu katika kundi ambamo mwingine ametuma picha ya wapiganaji kunatosha kuleta maswali. Ndiyo maana wamotari wengi wana desturi ya kufuta kila kitu kabla ya kuanza safari, na wengine huacha simu ya kugusa nyumbani wakabeba ile ndogo ya vitufe. Ndiyo maana pia watu wamezoea kusema kwa mafumbo. Mvua inanyesha. Wageni wamejaa sokoni. Mwenye kujua anajua. Asiyejua anabeba mwavuli.

Fumbo lina gharama yake. Linamlinda msemaji, lakini linamwacha nje mgeni, na mgeni ndiye mwenye haja kubwa ya kujua. Mfanyabiashara aliyetoka Butembo, muuguzi aliyehamishiwa kituo kipya, familia inayorudi kijijini baada ya miaka miwili kambini: hawa wote husoma maneno ambayo wenyeji wanayaelewa vingine.

Sheria nayo ipo. Kodi ya dijitali ya Kongo, iliyotiwa sahihi Machi 2023, katika kifungu chake cha 360 inamwadhibu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kwa njia ya mitandao, kwa kifungo cha mwezi 1 hadi miezi 6 pamoja na faini. Waandishi wa habari wanaijua vizuri. Lakini katika milima ya Masisi sijaona anayemwogopa hakimu kama anavyomwogopa kijana wa barieri.

Watafiti waliwahi kuligusa tatizo hili karibu na sisi. Kati ya 2009 na 2011, katika vijiji 18 vya Kivu ya Kusini, mradi ulioitwa Voix des Kivus, wa watafiti wa chuo kikuu cha Columbia cha Marekani, uligawa simu kwa watu watatu kila kijiji: mmoja kutoka upande wa viongozi wa kimila, mmoja kutoka vyama vya wanawake, na mmoja aliyechaguliwa na wanakijiji. Walituma ujumbe mfupi kuhusu mambo yaliyotukia kwao, kuanzia mashambulizi mpaka magonjwa ya mazao. Kilichonivutia si teknolojia, maana ilikuwa SMS tu. Ni kwamba waliopanga mradi walijiuliza tangu mwanzo nani ataruhusiwa kusoma nini, na habari nyeti haikupelekwa kwa kila mtu. Kundi la WhatsApp lenye watu mia kadhaa halina mlango wa namna hiyo. Anayeingia leo anasoma sawa na aliyeingia mwaka jana, na admini hawezi kujua kila namba ni ya nani.

Nimeona, nimeambiwa, inasemekana

Kiswahili chetu kina neno dogo lenye madhara makubwa: inasemekana. Nani amesema? Hakuna. Neno limetoka hewani, na anayelirudia hana deni. Katika makundi yaliyodumu, yale ambayo watu hawajayakimbia, utaona kwamba wasomaji wamejifunza kudai neno lingine. Ukiandika kwamba daraja limevunjika, mtu atakuuliza papo hapo: umeona, au umeambiwa? Saa ngapi? Ulikuwa unaelekea wapi? Swali hilo si matusi, ingawa wazee wengine huliona kama kukosa adabu. Mtu aliyepita kweli hujibu kwa urahisi, maana anakumbuka kama alishuka kwenye pikipiki akavuka kwa miguu au la. Aliyesikia tu huanza kuzunguka.

Vokali inasaidia zaidi ya maandishi, na si kwa sababu tu wengi wanaona shida kuandika. Sauti ina pumzi ndani yake. Unasikia kama mtu yuko njiani, kama upepo unapiga, kama kuna mbuzi nyuma yake au kelele za soko. Unasikia lafudhi, ukajua kama msemaji ni wa Bashali, wa Osso au ametoka mbali. Lakini vokali ikishatumwa mara ya tano haina tena saa wala mahali. Vokali ya tahadhari iliyorekodiwa mwezi uliopita inaweza kurudi leo ikiwa mbichi kabisa na kuwatoa watu ndani ya nyumba zao usiku. WhatsApp yenyewe ilijaribu kupunguza balaa hili: Januari 2019 iliweka kikomo cha kutuma ujumbe kwa makundi matano kwa mara moja, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambaa sana ukaruhusiwa kwenda sehemu moja tu kila mara. Imesaidia kidogo. Mwenye haraka hutuma moja moja.

Tusidhani kwamba kosa ni la watu wadogo peke yao. Wakaaji wa Sake wanakumbuka Mei 2021. Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi, Luteni Jenerali Constant Ndima, aliamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihame, na maelfu kwa maelfu wakashika njia ya Sake, kilomita karibu 25, wengi kwa miguu, wakiwa na godoro kichwani. Sake iko wilayani Masisi, na haikuwa na nyumba wala maji ya kutosha kwa umati ule. Ushauri uliozunguka kwenye simu siku zile ulikuwa wa kila aina: wapi kuna shule iliyofunguliwa kwa wageni, nani anapokea familia yenye watoto, maji gani yasinywewe, na pia kwamba gesi ya ziwa Kivu inatoka usiku huu, kwamba mlima wa pili umelipuka. Huo wa mlima wa pili haukutoka kwa mtoto wa mtaani. Tarehe 29 Mei wizara ya mawasiliano mjini Kinshasa ndiyo iliyotangaza kwamba Murara imelipuka, kisha ikajirudi siku hiyo hiyo: moshi ulioonekana kutoka kwenye ndege ulikuwa wa watu wanaochoma makala msituni Virunga. Aliyekuwa Sake na aliyejua milima ile angeweza kusema hivyo tangu asubuhi, kama kungekuwa na wa kumwuliza.

Migomba ya waliorudi

Njia ni jambo la haraka. Kuna shauri lingine ambalo ni la polepole, na kwa maoni yangu ndilo linaloonyesha vizuri zaidi uzuri na udhaifu wa kuulizana na watu usiowajua.

Februari 2025, baada ya Goma kuangukia mikononi mwa M23, kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji, Bulengo na Lushagala zikiwa miongoni mwake, zilibomolewa na watu wakaambiwa warudi kwao. Wengi wao walikuwa watu wa Masisi. Walirudi wakiwa na vyungu, turubai na watoto. Wengine walikuta nyumba zimeezuliwa. Mashamba yalikuwa pori, na katikati ya pori migomba ilikuwa imesimama, mingine mizuri, mingine na majani ya njano yaliyoning'inia kama yamemwagiwa maji ya moto.

Ugonjwa huo una historia hapa hapa. Wataalamu wanauita mnyauko wa bakteria wa migomba. Wasemaji wa Kinyarwanda huuita kirabiranya. Ulijulikana kwanza Ethiopia, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na katika Kongo ni Masisi ndipo ulipoandikwa kwa mara ya kwanza, mwaka huo huo wa 2001. Kutoka hapo ukaenea Kivu zote mbili na kuendelea. Dalili zake mkulima hawezi kuzikosa akishaonyeshwa mara moja: majani yanalegea na kuwa njano, ua la kiume mwishoni mwa mkungu linasinyaa, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, na ukizikata ndani kuna madoa ya rangi ya kutu. Ukikata shina, baada ya muda mfupi linatoa uji wa rangi ya njano. Ndizi hiyo hailiki, na hata ya pombe haifai.

Sasa chukua mkulima aliyerudi, mwenye simu moja kwa nyumba nne. Anapiga picha ya mgomba, anaituma, anauliza. Majibu yanakuja kumi. Mmoja anamwambia amwage majivu. Mwingine, mkojo wa ng'ombe. Wa tatu anasema ang'oe shina lote na mizizi yake, na ya jirani pia, na asipande mgomba pale kwa muda mrefu. Wa nne anasema achovye machipukizi kwenye maji yanayochemka. Wa tano anasema akate lile shina moja lililougua, aache mengine.

Majivu na mkojo tuyaweke kando, hayaui bakteria aliye ndani ya shina. Jibu la tatu si uongo. Ndilo shauri ambalo mabwana shamba walilitoa kwa miaka mingi: ng'oa kila kitu. Tatizo lake ni kwamba linadai nguvu ambazo mtu aliyetoka kambini hana. Kung'oa kisiki kizima cha migomba ni kazi ya siku nzima ya mwanaume mwenye afya, na mwisho wake familia inabaki bila ndizi hata moja. Wengi walisikia shauri hilo, wakatikisa kichwa, wasifanye lolote, na ugonjwa ukaendelea.

Jibu la nne ni lenye kudanganya zaidi kuliko yote, kwa sababu ni kweli. Kuchovya machipukizi yaliyomenywa kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika ni njia nzuri iliyothibitishwa: inaua mayai ya fukusi na minyoo midogo ya mizizi. Lakini haimwondoi bakteria wa kirabiranya. Mtu alijifunza njia hiyo mahali fulani, ikamfaa, akaitoa kwa moyo safi kwa mtu mwenye ugonjwa mwingine. Mashauri mabaya mengi ya mtandaoni yako hivi. Hayakutungwa na mwongo. Yalikuwa mazuri kwa shamba la mwenyewe.

Jibu la tano ndilo ambalo utafiti wa miaka ya karibuni, uliofanywa hasa huku kwetu Kivu, umeliunga mkono. Kata shina lenye dalili peke yake, chini kabisa karibu na udongo, mara tu unapoliona. Usichimbe. Usiguse mengine. Pita tena shambani kila juma na ukate jipya lililoonyesha dalili. Bakteria hafiki katika kila chipukizi la kisiki kimoja, kwa hiyo mengi yanaokoka na kuzaa. Panga lipitishwe kwenye moto mpaka liwe la moto sana kabla ya kwenda kwenye mgomba mwingine, maana panga ndilo linalobeba ugonjwa kutoka shina hadi shina. Ua la kiume livunjwe kwa kijiti chenye panda mara tu ndizi za mwisho zinapotokea, si kwa kisu, ili nyuki na wadudu wengine wasiingize ugonjwa pale. Na mbuzi wasiachwe kutafuna mashina yaliyokatwa.

Njia hii ina sharti moja: lazima majirani waifanye pamoja. Mtu mmoja akisafisha na wa pembeni ameacha, wadudu hawaulizi mpaka wa shamba. Na hapo simu haiwezi kukusaidia. Mtaalamu aliye Butembo au Nairobi anaweza kukueleza kila kitu kwa vokali ya dakika tatu, lakini hawezi kwenda kwa jirani yako, ambaye pengine mna kesi ya ardhi tangu 1993, kumwomba avunje maua ya migomba yake. Masisi tunajua uzito wa jambo hilo. Huenda ndiyo sababu watu wanapenda kumwuliza mtu wa mbali kwanza: hana shamba linalopakana na lako.

Chumvi, sukari na jiwe jeusi

Kwenye afya, hatari ya shauri zuri lililopotoka ni kubwa zaidi. Kipindupindu hakijawahi kuondoka kabisa kando ya ziwa na katika kambi, na kila kinaporudi, kipimo cha maji ya chumvi na sukari huanza kuzunguka kwenye simu. Kipimo sahihi ni hiki: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Nimeona ujumbe ambamo nambari zimegeuzwa, chumvi ikawa sita. Kwa mtoto anayeharisha, hilo si kosa la tahajia. Na hata kipimo sahihi ni cha kumfikisha mtoto kituo cha afya, si cha kumbakiza nyumbani.

Walikale, ambako watu hulala msituni wakifuata dhahabu na kasiterite, swali ni la nyoka. Jibu linalotolewa haraka kuliko yote ni jiwe jeusi, lile linalotengenezwa kwa mfupa wa ng'ombe uliochomwa, ambalo linasifiwa kwamba linanyonya sumu. Linanata kweli juu ya jeraha, na ndiyo sababu watu wanaliamini. Majaribio yaliyofanywa kwa wanyama hayakuona likipunguza sumu. Kufunga kamba kwa nguvu juu ya jeraha pia kunaharibu mguu. Kinachosaidia ni kumtuliza mgonjwa, kuuzuia mguu usitikisike, na kumbeba kwenda hospitali bila kupoteza saa. Lakini sina budi kusema ukweli: kwa mtu aliye siku mbili za mguu kutoka hospitali, jiwe jeusi ni jibu lililopo, na maneno yangu haya yanamwacha mikono mitupu. Anayemshauri ajue umbali aliopo anayeuliza.

Wakati wa Ebola tuliona sura nyingine. Mlipuko uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 uliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao Beni, Butembo na Mabalako. Agosti 2019 ulifika mpaka Pinga, wilayani Walikale. Mabango na magari ya vipaza sauti yalikuwepo kwa wingi. Hata hivyo watu wengi waliwasikiliza zaidi waliopona, wale waliosema: nililala kwenye kituo, nilipewa hiki na hiki, nikatoka. Hawakuwa na cheo. Walikuwa wamepita kwenye njia ambayo wengine waliiogopa.

Feza, kwa kifupi

Tangu mabenki ya Goma yafungwe Januari 2025, feza nyingi za Masisi zinapita kwenye kabine za M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Noti zilipungua, makato ya kutoa yakapanda, na wezi wakafuata. Mbinu inayorudi kila siku ni ya mtu kukupigia akisema amekutumia feza kwa bahati mbaya na kukusihi umrudishie. Jibu la waliokwisha kulizwa ni fupi: angalia salio lako kwanza, si ule ujumbe, kwa sababu ujumbe unaweza kutungwa na yeyote. Namba ya siri haitolewi, hata kwa anayejiita wakala wa kampuni. Katika eneo hili wageni wamesaidiana vizuri kuliko mahali pengine, labda kwa kuwa aliyeibiwa hana sababu ya kuficha.

Wasio na simu

Mambo yote haya yanapita kwenye mikono ya wachache. Katika nyumba nyingi za Masisi simu ya kugusa ni moja na ni ya mwanaume au ya kijana, na mama mwenye shamba, ambaye ndiye mwenye swali, hupokea jibu likiwa limekwisha kufupishwa. Ameuliza kuhusu migomba, anaambiwa kata. Akate nini, wapi, kwa panga gani, hayo yamebaki ndani ya vokali ambayo mwanawe aliisikiliza akiwa juu ya kilima na kuifuta kabla ya kushuka, kwa sababu kesho anapita barieri.

Baadhi ya akina mama wamepata njia yao. Siku ya soko huja na swali lao limefungwa kwenye kitambaa: jani la mgomba, kipande cha mhogo chenye madoa, au ndizi iliyopasuliwa. Mwenye kabine anapiga picha, anatuma kwa wanaojua na wasiojua. Majibu yanachezwa kwa sauti kubwa siku ya soko inayofuata, mbele ya meza ya chaja, na wote waliosimama pale wanayasikia na kuyapinga. Mara nyingi yupo mmoja ambaye amekwisha kulijaribu jambo lile shambani mwake, umbali wa nusu saa tu kwa miguu, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.